Mahali Pakavu na Salama

Sikuondoka Morogoro kwenda kutalii. Niliondoka kwa sababu ya sauti ya mama mmoja iliyoingia kwenye simu yangu Jumatatu asubuhi, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na ile chai sikuimaliza. "Fundi," ilisema sauti, taratibu, bila hasira hata chembe, na hilo ndilo lililonitisha, "mashine yako iliniambia kahawa yangu imekauka. Nikaifunga kwenye gunia. Imeota ukungu. Jumamosi kikundi chetu kinakaa, na mimi nitasema mashine zenu zote zirudi."

Mama huyo ni Mama Aikande, mkulima wa Uru, juu ya mji wa Moshi. Na mashine ni Kidomo. Wale mnaopita karakana yetu mnakijua: kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, kina kikombe kidogo kichwani. Unatia punje, unafunga mfuniko, unabonyeza, kioo kinakuambia punje zimebaki na maji kiasi gani. Mimi na mwenzangu Mashaka tumekitengeneza kwa miaka miwili juu ya meza ileile tunayofungulia redio na blenda zenu. Kikundi cha Mama Aikande ndicho pekee kilichokubali kukijaribu shambani. Tuliwapelekea kumi. Zikirudi zote kwa aibu, hakuna kikundi kingine kitakachotufungulia mlango, na Kidomo kimekufa. Kwa kifupi, uhai wa miaka yetu miwili ulikuwa mdomoni mwa mama mmoja.

"Nenda ukaangalie anakishikaje," alisema Mashaka.

Nakiri hapahapa mwanzoni ili msije mkanisema baadaye: na mimi niliondoka na wazo hilohilo. Niliamini kwa moyo wote kwamba kosa ni la Mama Aikande.

Alhamisi alfajiri nilipanda basi nikiwa na begi la zana na Vidomo viwili, kimoja mfukoni, kimoja cha akiba. Nilijiapia kwamba sitakitoa njiani. Chalinze sijafika, nimeshakitoa. Mama aliyekaa jirani yangu, mkulima wa vitunguu wa Kahe, aliniuliza kama ni redio. Nikamweleza. Akafungua mfuko wake wa karanga, akatia punje kikombeni, akabonyeza. Kidomo kina vitufe viwili tu, cha mpunga na cha kahawa, kwa hiyo jibu lililotoka kuhusu karanga lilikuwa upuuzi mtupu, lakini mama yule alipiga kelele ya furaha hadi kondakta akaja. Kufika Segera nilikuwa nimepima maharage, ulezi, mbegu za maboga na kidonge cha Panadol. Kila mtu aliuliza, "Inasemaje?" na kila mtu aliridhika. Sijawahi kuwa na wateja wengi namna ile.

Baada ya Same nilibandika pua kwenye kioo nikitafuta mlima. Niliona wingu. Yule mama wa Kahe akanionesha kwa kidole kwamba ndani ya wingu lile kuna Kilimanjaro, nami nikalitazama wingu kwa heshima zote mpaka tukaingia Moshi.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kupanda Uru, nilishuka kwanza Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga ya tambarare. Nilitaka kujihakikishia mwenyewe kwamba Kidomo ni kizima. Mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye maturubai kando ya mifereji, na jua la huko halina utani. Mkulima mmoja aliyekuwa akigeuza mpunga wake kwa reki alikubali nipime. Kidomo kikasema. Tukachukua mpunga uleule hadi kwenye mashine ya kukoboa, ambako kuna kipimo kikubwa cha mezani, nacho kikasema. Namba ileile! Tukarudia mara tatu, maturubai matatu tofauti, na mara zote vilikubaliana.

"Hiki kiko sawa," alisema yule mkulima, akikipapasa. "Kina moto kidogo, lakini kiko sawa."

"Ni jua," nikamjibu, "hata mimi nina moto." Nikacheka. Nilicheka kwa kweli, kwa sababu nilijiona nimeshinda kesi kabla ya kufika mahakamani. Nilimpigia Mashaka nikamwambia, "Ni mama. Ni anavyokishika."

Lile neno la moto lilipita sikioni mwangu likaenda zake. Likumbukeni ninyi, maana mimi sikulikumbuka.

Saa saba mchana bodaboda ilinipandisha Uru. Kadiri tulivyopanda ndivyo nilivyofunga vifungo vya shati, kimoja baada ya kingine, na vilipokwisha nikamuomba dereva asimame nitoe sweta. Mwezi wa nane mlimani hauna huruma. Ukungu ulikuwa umelala kwenye migomba, na chini ya migomba kuna kahawa, na chini ya kahawa kuna magimbi, na pembeni mwa magimbi maji yanapita kwenye mfereji yakijisemea. Huku hawasemi shamba kwa ardhi iliyozunguka nyumba, wanasema kihamba. Mpaka wa kihamba na kihamba ni mstari wa mimea mirefu yenye majani membamba ya kijani yanayong'aa. Niliyaona, nikayaona ni mazuri, nikapita.

Mama Aikande alikuwa mlangoni, kitenge mabegani, kofia ya sufu kichwani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba. Akanikaribisha, akaniletea bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi, lililokuwa likifuka moshi, akaketi mbele yangu na kunitazama nikila. Sijawahi kukirimiwa vizuri namna ile na mtu asiyetaka kuzungumza nami. Nikimsifia mtori, "Kula, fundi." Nikimuuliza habari za mvua, "Ongeza, fundi."

Nilipomaliza, alinipeleka nyuma ya nyumba akanionesha gunia. Alilifungua. Harufu ya ukungu ilinipanda puani. Juu ya punje kulikuwa na vumbi la kijivu, na punje zenyewe zilizokuwa fahari ya mwaka mzima zilikuwa zimeshikana mabonge.

"Kahawa yangu haikuwa imewahi kurudishwa kutoka ghalani," alisema. "Tangu niolewe. Wiki iliyopita shemeji yangu aliirudisha mbele ya watu. Akaniambia kwa upole, 'Mama Aikande, rudi nayo.' Watu wakatazama chini." Akalifunga gunia. "Afadhali angenifokea."

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilikuwa na ushindi wa Chekereni kifuani, nikaona huo ndio wakati wa kufundisha. Nikamwambia Kidomo hakina tatizo, kwamba tatizo ni matumizi, na kwamba nitamwonesha kwa mfano ambao hata mtoto ataelewa. Nilitaka kitu kibichi kabisa, nikitie kikombeni, Kidomo kiseme mbichi, halafu aone kwamba kinajua. Nikatazama huku na huku. Jani bichi kuliko yote lilikuwa pale mpakani.

Nikaenda nikalivunja. Lilikuwa refu kuliko kikombe, kwa hiyo nikalikunja, na kwa kuwa lilikuwa likijikunjua nikalifunga fundo. Nikarudi kwa Mama Aikande. Nilitaka alitie kikombeni kwa mkono wake mwenyewe, ili asiseme nimefanya kiini macho. Na kwa kuwa nimelelewa vizuri na mama yangu kule mtaani Kilakala, nikampa kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa kidogo.

Mama Aikande aliganda.

Upande wa pili wa mpaka mzee mmoja mwenye koti la mvua alikuwa akikatia ng'ombe majani. Aliacha panga likining'inia hewani. "Ee Bwana," akasema.

"Chukua, Mama," nikahimiza, "usiogope."

Alilitazama lile jani. Akanitazama mimi. Macho yake yakajaa maji, na kwa mikono yote miwili akalipokea.

"Nimepokea," alisema. Kisha akapangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Sikutegemea, fundi. Mtu wa mbali. Nani alikufundisha?"

Nikasema hakuna aliyenifundisha, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Mzee akawa ameshavuka mpaka kuja kwetu. Huyu ndiye shemeji yake, Mzee Elinami, mtunza ghala wa kikundi, yuleyule aliyerudisha gunia. Alinishika mkono akautikisa kwa muda mrefu. "Vijana wa siku hizi hata wa hapahapa hawawezi," alisema. "Isale! Tena umefunga na fundo! Mtu akikuletea isale lenye fundo ameomba msamaha, na wewe huwezi kukataa, hata kama alikuchomea nyumba. Kesi imekwisha."

Nikaelewa nilichokuwa nimekifanya, na nikaelewa pia kwamba hawa watu wawili walikuwa wakinitazama kwa upendo ambao sikuustahili hata kidogo. Nilifungua mdomo niseme ukweli, kwamba nilitaka tu kitu kibichi.

"Sasa sema," Mama Aikande akawahi. "Ndivyo ilivyo. Jani limetangulia, maneno yanafuata. Umekosa nini?"

Nilitafuta jibu la uongo, nikalikosa. Nikatazama gunia. Nikakumbuka sauti yake kwenye simu, na jinsi nilivyocheka Chekereni. Nikasema, "Mama, nimekosa kwamba nimetoka Morogoro mpaka hapa sijakuuliza swali hata moja. Nilikuja nimeshakuhukumu. Na hilo jani nalo, samahani, nililivunja bila kujua maana yake. Lakini naomba usilirudishe."

Halafu Mzee Elinami akaanza kutikisika mabega, na Mama Aikande akaziba mdomo kwa jani lenyewe, na wote wawili wakaangua kicheko ambacho nadhani kilisikika hadi Moshi mjini. Nami nikacheka, kwa aibu na kwa raha, mpaka nikashikilia mgomba.

"Halirudi," alisema Mama Aikande alipopata pumzi. "Likishapokelewa limepokelewa. Basi niulize sasa."

"Kidomo chako huwa unakitumiaje?"

Akaingiza mkono ndani ya kitenge, ndani ya sweta, ndani zaidi, akatoa Kidomo kutoka kifuani. Akanipa. Kilikuwa na joto la mkate uliotoka sasa hivi.

"Kinakaa humo?" nikauliza.

"Mchana na usiku. Kwenye ule mfuniko mmeandika wenyewe: 'Kiweke mahali pakavu na salama.'" Akaonesha ukungu, migomba inayodondosha maji, paa linalodondosha maji. "Niambie wewe, fundi, hapa Uru mahali pakavu na salama ni wapi? Simu yangu iko humu. Ufunguo wa nyumba uko humu. Nacho nikakiweka humu."

Nilitamani kumkumbatia. Nilitamani kulia. Ndugu zangu, nitawaeleza kwa ufupi, na hata asiyejua umeme ataelewa. Punje ikiwa ya moto, Kidomo huiona ina maji mengi kuliko yaliyomo, kwa hiyo tulikipa kipimajoto kidogo ili kijue joto na kupunguza. Kipimajoto hicho, kwa busara zetu za mezani, tulikiweka ndani ya boksi. Karakana kwetu Morogoro boksi na punje huwa na joto moja. Chekereni vilevile, jua limechoma vyote. Lakini Uru punje ina baridi ya mlimani, na boksi lina joto la kifua cha Mama Aikande. Kidomo kilidhani kahawa ni ya moto, kikapunguza maji ambayo hayakupaswa kupunguzwa, kikasema kavu. Kilikuwa kikipima kifua, si kahawa. Na maelekezo niliandika mimi kwa mkono wangu.

"Mama," nikasema, "umekishika sawasawa. Tulikosea sisi."

"Najua," alijibu. "Nimeshakusamehe. Kazi."

Kabla ya chakula cha jioni tulikuwa jikoni kwake, tumechomoa chaja ya simu ili nipate umeme wa chuma cha kulehemu. Mama Aikande alichoma msumari kwenye jiko, nami nikatoboa nao sakafu ya kikombe. Nikavuta waya, nikahamisha kipimajoto kutoka tumboni mwa Kidomo chake hadi kikombeni, kiguse punje zenyewe. Mzee Elinami alishika tochi na kutoa maelekezo ambayo sikuyafuata. Kilipokuwa tayari ilibaki kukijaribu, na jaribio lilikuwa moja tu, na mimi nikaanza kubabaika.

"Mama, itabidi... yaani hiki kipya, na kile cha zamani nilichokuja nacho, vyote viwili... vikae pale vilipokuwa vinakaa."

"Kifuani?"

"Mpaka asubuhi. Kama hutajali."

"Nilinyonyesha pacha, fundi," alisema, akavichukua.

Jumamosi alfajiri tulisimama kwenye kichanja cha kukaushia, meno yananigongana, mvuke unatutoka mdomoni. Mama akatoa Vidomo viwili, vyote vina joto sawasawa. Tukachota kahawa moja, tukaigawa. Cha zamani kikasema maji asilimia kumi na moja, kavu, funga gunia. Kipya kikafikiri kidogo, kikasema kumi na tano, bado.

Niliruka. Si kwa mfano, niliruka juu hasa, nikatua kwenye tope, nikaruka tena. Mama Aikande hakuruka, lakini alikibusu Kidomo, kisha akajipangusa vumbi la kahawa mdomoni kama mtu anayejutia haraka yake.

Saa nne kikundi kilikaa uani mwa ghala. Kabla hata sijasimama kueleza, Mzee Elinami alitangaza kwamba kipimo cha ghala hili kwa miaka yote ni meno yake. Punje ikiingia jino ni mbichi, ikikataa ni kavu. Akataka tupimane. Makopo matatu yakaletwa. La kwanza, akauma, akasema bado, na Kidomo kikasema bado. La pili, kavu, na Kidomo kavu. Watu wakaanza kupiga makofi. La tatu, Mzee akauma, akasema kavu kwa sauti ya mtu asiyepingwa. Kidomo kikasema bado.

Mama Aikande akachukua punje ileile ya kopo la tatu, akaimenya ganda, akaipasua kwa kisu, akaipitisha. Katikati ilikuwa laini, nyeupe.

"Uma tena, shemeji," alisema. "Na safari hii tumia upande wa kushoto."

"Upande wa kushoto kwa nini?"

"Kwa sababu upande wa kulia uliwekewa meno mapya mjini mwezi wa sita, na ulifikiri hakuna aliyeona."

Akauma kushoto. Jino likaingia. Mzee Elinami alisimama akaitazama, kisha kwa hadhi kubwa akatembea hadi kwenye uzio wa ghala, akavunja jani la isale, akalifunga fundo, akarudi na kukipa Kidomo kwa mikono miwili. Kuna watu walikaa chini kwa kucheka. Mimi nililiweka jani lile kikombeni, nikabonyeza, na Kidomo, kwa mara ya kwanza katika safari yote, kilifanya lile jaribio nililolitaka. Kikasema mbichi.

Kicheko kilipopoa, Mama Aikande akasimama. Watu wakatulia, maana kila mtu alijua gunia lake lilivyorudi.

"Nilisema nitasema zirudi," alianza. "Nasema zirudi."

Nilimtazama, hakunitazama.

"Zirudi Morogoro zikatobolewe kama hiki. Zote tisa. Halafu zije tena, na zikija, maandishi ya kwenye mfuniko nitayaandika mimi." Ndipo akanigeukia. "Aika, fundi," akanishukuru kwa Kichaga. "Kaa chini, utaanguka."

Jumapili baada ya misa alinisindikiza hadi barabarani. Vidomo tisa vilikuwa kwenye kikapu, vimefunikwa na mkungu wa ndizi niliokatazwa kuukataa. Juu ya ndizi aliweka kipande cha shina la isale, urefu wa mkono, kimefungwa kitambaa chenye maji. Nikamshukuru, nikamwambia nitakitunza kama kumbukumbu ya msamaha wake.

"Si kumbukumbu," alisema. "Kapande mlangoni kwako. Utakosea tena, fundi. Ukikosea uwe na la kwako, usivunje la watu."

Mlima ulijitokeza wakati basi linatoka Moshi, mweupe kichwani, mzima mzima. Abiria wote wakageuka kuutazama. Mimi nilikuwa nimepakata kikapu, nikawa nacheka peke yangu.

Mashaka alinipokea karakana. Alipekua kikapu, akahesabu Vidomo, akazitazama ndizi, akachomoa lile shina na kuligeuzageuza.

"Enhe, alikuwa anakishikaje?"

"Sawasawa."

"Na hiki je? Kifaa gani?"

Nilikuwa nimeshachukua jembe. "Spea," nikamwambia. "Njoo tuchimbe shimo."